Fatwa ya Kwenye Kaunta

Juzi baada ya sala ya adhuhuri nilimsikia mmoja wenu, simtaji, anamjibu mtu swali la talaka huku anafunga kamba za viatu. Kiatu cha kulia: "Ndiyo, imepita." Kiatu cha kushoto: "Hakuna kurejeana." Yule bwana akashukuru, akaenda zake. Wallahi nilishika ukuta. Nyinyi mkadhani ni kisukari changu kimepanda, mkanikimbilia na maji. Si kisukari! Nilikuwa nimeshtuka, na mpaka leo moyo haujanirudi mahali pake.

Kwa hivyo leo funikeni vitabu. Wewe pale nyuma, na simu uifunike. Nataka kuwaambia kazi hii tulivyoifanya hapa Nairobi, na siku iliyonifanya niogope neno "haramu" kuliko ninavyoogopa nyoka.

Mimi niliingia mji huu miaka ya sitini, uhuru bado mchanga, kijana kutoka pwani, kichwa kimejaa matini ya fiqhi. Milango mizima ya vitabu nilikuwa nimeihifadhi. Nilitumwa kwa Sheikh Nasoro, aliyekuwa na chumba nyuma ya msikiti mmoja wa katikati ya mji, na baada ya alasiri watu walikuwa wakimjia na maswali yao. Nikadhani atanipokea kwa takbira. Nikamsomea mlango wa biashara kwa moyo, mwanzo mpaka mwisho, bila kukwama. Akanisikiliza kwa adabu. Kisha akaniuliza, "Mwanangu, umewahi kuuza nini?"

"Kuuza, Sheikh? Mimi?"

"Basi nenda sokoni ukauze vitunguu."

Nilidhani ni mzaha. Haukuwa mzaha! Mimi, mtu niliyesoma riba na rehani kwa mashekhe wa kuhesabika, nikapelekwa kukaa na mama mmoja wa Kikuyu nipange vitunguu mafungu mafungu. Aliniita "wewe wa kofia". Alinifokea nilipochanganya vikubwa na vidogo. Nililia kwa hasira, sifichi. Lakini hapo ndipo nilipojua kwamba "bei ya mwisho" si ya mwisho, na mteja akigeuza mgongo bado biashara haijavunjika. Nusu ya maswali ya biashara niliyokuja kujibu baadaye, majibu yake niliyaokota chini ya ile meza ya vitunguu.

Sheikh alikuwa hivyo. Hakumpa mtu jibu kabla hajampa kiti. Akishampa kiti, atamwambia alirudie swali lake kwa maneno mengine, maana mtu akilisema mara ya pili ndipo linatoka lile lililomleta. Siku moja alikuja mpishi mmoja Mwislamu aliyekuwa akifanya kazi kwa Mzungu kule Lavington. Anauliza kama anaweza kumpikia bwana wake nguruwe. Sisi wanafunzi tulishabeba jibu mdomoni. Sheikh akamuuliza, "Chumvi anaonja nani?"

Yule mpishi akainamisha kichwa. "Naonja mimi, Sheikh."

Lo! Tukatazamana. Sheikh hakupiga kelele. Akamwambia, "Tafuta kazi nyingine. Na mpaka uipate, chumvi aionje memsahibu." Yule mtu akacheka huku machozi yanamtoka. Mnaona? Sisi tungempa jibu la kitabu naye angeendelea kuonja.

Tulikuwa wanafunzi wachache, na kinara wetu alikuwa Idrisa. Kijana wa watu alikuwa na akili ya kutisha. Alikuwa amesoma nchi za nje miaka mingi, akarudi na majuba yaliyopigwa pasi na kauli za maimamu wote wanne. Ukimuuliza jambo, hafungui kitabu, anafumba macho tu na ukurasa unakuja. Nilimpenda, na wivu nilimwonea. Mkimsikia leo mtu anasema Idrisa alikuwa mjinga, mwambieni mimi, Maalim wenu Twaha, nimekataa. Kasoro yake ilikuwa moja: jibu lilimtoka kabla swali halijakauka. Ndiyo kasoro yenu nyinyi, tena nyinyi hata hizo kauli hamnazo.

Sasa sikilizeni. Miaka ya sabini mwanzoni, kulikuwa na kijana mmoja mwenye duka la vitambaa mjini, jina lake Anwar. Mhindi wa Parklands, mzaliwa wa hapa hapa, Mwislamu safi, mcheshi. Alikuwa ameoa binti anaitwa Safia, wakapata mtoto wa kiume. Mapenzi yao hayakuwa ya siri. Alikuwa akifunga duka mapema akale chakula cha mchana naye, na wenzake wakimtania kwamba amerogwa.

Huyu Anwar, alipokuwa mchanga, mama yake hakuwa na maziwa. Akanyonyeshwa na yaya wao, Mama Nafula, Mluhya kutoka upande wa magharibi, mtu wa kanisa, aliyekuwa na mtoto wake mchanga pia. Akamnyonyesha, akamlea, kisha miaka ikapita akaacha kazi pale. Baadaye akaajiriwa nyumba nyingine, kwa watu wengine, halafu akarudi kwao. Alipozeeka alikuja Nairobi tena kukaa na mwanawe huko Kabiria, ambaye alikuwa akitunza maua kwenye nyumba za Lavington.

Mama Nafula akasikia kwamba Anwar wake amepata mtoto. Akachukua kuku, akaenda Parklands kumwona mjukuu. Alipokewa kama malkia. Safia akamletea chai. Mama akamtazama yule binti, akamuuliza, "Wewe ni wa nani?" Safia akamtaja baba yake. Mama Nafula akapiga kigelegele mpaka mtoto akaamka.

"Safia! Ni wewe Safia yangu? Wewe pia nimekunyonyesha mimi! Mama yako alikuwa hospitali! Ee Mungu, watoto yangu wawili wameoana!"

Alikuwa anabariki, wanangu. Alikuwa na furaha ya mtu aliyeokota dhahabu. Safia naye akacheka, akambusu mikono. Lakini Anwar alikuwa amesoma chuoni utotoni. Alikumbuka kwamba kwetu sisi, watoto wawili wakinyonya kwa mwanamke mmoja, hata kama mmoja amemtangulia mwenzake miaka, hata kama mwanamke mwenyewe si wa dini yetu, wale ni ndugu wa kunyonya. Na ndugu hawaoani. Aliniambia baadaye kwamba kikombe kilimtoka mkononi na hakusikia kikivunjika.

Mama zao wote wawili walikuwa wamekufa. Wala hawakuwahi kulisema jambo hili, maana siku zile mke wa tajiri aliona aibu majirani wajue mwanawe amenyonya kwa mfanyakazi.

Kesho yake Idrisa akaingia dukani kununua kitambaa cha kanzu. Anwar akaona amepata msomi. Huku anampimia kitambaa, futi bado iko mkononi, akamuuliza: mtu akigundua yeye na mkewe wamenyonyeshwa na yaya mmoja, hukumu yake nini? Idrisa akafumba macho yake yale. "Hata funda moja linatosha," akasema. "Ndoa hakuna. Watengane leo." Kisha akaomba akatiwe na kitambaa cha mfukoni.

Basi! Hakukaa, hakuuliza, hakujua hata kwamba yule mtu aliyeuliziwa ni mwenye duka mwenyewe. Safia akaondoka nyumbani siku hiyo hiyo na mtoto, akaenda kwa ami yake. Habari ikazagaa Parklands, ikafika mjini, ikamfikia Sheikh Nasoro akiwa ameshika kahawa.

Sijawahi kumwona Sheikh vile. Akaiweka kahawa chini. "Idrisa, umemwambia mtu funda moja?"

"Ndiyo, Sheikh. Hiyo ndiyo kauli ya Wahanafi."

"Na yeye ni Mhanafi?"

"Ni Mhindi, Sheikh."

"Nimekuuliza madhehebu, sikukuuliza babu yake alipanda meli wapi!" Sheikh akasimama. Mzee aliyekuwa akizungumza chini chini siku zote, sauti ikatikisa dirisha. "Wale ni watu wa Kokni, pwani ya Bara Hindi! Washafii, kama mimi na wewe! Kwetu ni mara ngapi?"

Idrisa akawa hana damu usoni. "Mara tano," akasema. "Mara tano, kila mara mtoto ashibe aachie mwenyewe, na awe hajatimiza miaka miwili."

"Ulimuuliza ni mara ngapi? Ulimwona huyo yaya? Umevunja nyumba ya watu kwa kukisia! Ulimi hauna mfupa, Idrisa, lakini unavunja. Nenda sasa hivi. Simama pale pale uliposimama, mbele ya watu, urudishe neno lako."

Nilifuatana naye. Mtaa mzima wa maduka ulitutazama. Idrisa, na lile juba lake, akasimama kwenye kaunta, wateja wamejaa, akasema kwa sauti ya kukatika, "Bwana Anwar, nilikujibu bila kukuuliza. Jibu langu si sahihi kwako. Nalirudisha. Sheikh anataka mje, na yaya aje, muulizwe vizuri." Nilipigwa na butwaa. Sikujua kwamba mtu mkubwa anaweza kujishusha hivyo hadharani asife. Idrisa baada ya mwaka ule hakutoa tena fatwa maishani mwake. Alisomesha watoto wadogo alifu na bee, na akiulizwa jambo anakuelekeza kwa mwingine.

Lakini Anwar! Anwar aliruka kaunta. Akamkumbatia yule yule aliyemvunjia nyumba. "Mara tano, Mwalimu? Tano? Nani ananyonyesha mtoto ya wenyewe mara tano? Mimi nilinyonya, sawa, lakini Safia alionja tu! Labda aliona mtoto analia akampatia kidogo, si ndiyo?" Akanishika bega, akanitikisa, anataka niseme ndiyo. Nikamwambia, "Ngoja Sheikh." Hakungoja, alikimbia kumpasha Safia. Jioni ile ile Safia alileta sahani ya mithai, vile vitamutamu vya Kihindi, kwa Sheikh, macho yamevimba lakini anacheka. Sheikh hakuigusa. Akasema tu, "Kaa kwa ami yako mpaka tumsikie mama."

Mimi ndiye niliyetumwa Kabiria. Nilimkuta Mama Nafula anapukuchua mahindi mbele ya nyumba. Aliponiona na kanzu yangu akasimama na hofu.

"Mwalimu, mtoto amegonjeka?"

"Hapana, mama. Sheikh anataka kukuuliza mambo ya zamani tu."

"Lakini mimi ni mtu ya kanisa. Huko msikitini nitaingia aje?"

"Si msikitini, mama. Ni chumba cha nyuma. Utapewa kiti."

Akavaa gauni lake la Jumapili na kitambaa cheupe cha kichwa. Njia nzima ananisimulia Anwar alivyokuwa mtundu, alivyokuwa akijificha chini ya meza akikataa kuoga. Sheikh alikuwa amenionya nisimwambie sababu. Na hili lishikeni: shahidi akijua unataka kusikia nini, atakupa hicho. Kwa hivyo nilitembea na yule mama mwenye furaha nikijiona kama mtu anayempeleka kondoo machinjoni, na nilikuwa naomba moyoni, Ya Rabbi, iwe mara moja. Iwe mbili. Nne pia sawa.

Chumbani walikuwa Sheikh, Idrisa, Anwar upande mmoja, na Safia na mtoto mapajani upande wa pili. Sheikh akampokea Mama Nafula mwenyewe, akamketisha, akamuuliza habari za mvua za kwao. Kisha, taratibu, "Mama, hebu tuambie ulivyomlea Safia."

Uso wa yule mama ukang'aa. "Huyu? Huyu alinitesa, Mzee! Mama yake alishikwa na ugonjwa mbaya, akakaa hospitali mpaka mvua ya masika ikaisha. Baba yake analeta chupa, mtoto anatema. Analeta maziwa ya mkebe, anatapika. Nikaona huyu atakufa, na mimi niko na titi. Nikampatia."

"Alinyonya siku hiyo?"

"Siku hiyo? Kila siku! Asubuhi, mchana, usiku. Mtoto yangu mwenyewe nampatia uji, Safia nampatia titi."

"Alikuwa anashiba?"

"Kushiba? Alikuwa analala na titi mdomoni, mpaka naondoa na kidole!"

"Alikuwa ameanza kutembea?"

"Kutembea wapi? Hata kukaa hajui!"

Akacheka, akamtazama Safia, akitegemea naye acheke. Hakuna aliyecheka. Idrisa alikuwa amegeukia ukuta. Nilikuwa nimekaa na maswali ya watu miaka, nimeyaona mengi, lakini sijawahi kuona mtu akiangusha nyumba kwa kujivunia wema wake. Wema! Alimwokoa yule mtoto asife! Hilo ndilo lililonishtua mpaka mwili ukasisimka, na bado linanishtua.

"Nimesema mbaya?" akauliza Mama Nafula. "Mbona mmenyamaza?"

Anwar ndiye aliyemwambia. Alipiga magoti mbele yake. "Mama, kwa dini yetu, watoto ya ziwa moja hawawezi kuoana. Ukisema ulitunyonyesha wote, mimi na Safia tumekwisha."

Yule mama akamtazama Anwar, akamtazama Safia, akamtazama mtoto. Akaruka kutoka kwenye kiti.

"Basi hapana! Hapana! Sikumnyonyesha! Mimi ni mzee, nasahau! Ilikuwa mtoto ingine, ilikuwa ya jirani. Huyu alikunywa chupa! Mzee, andika hiyo: chupa!" Akamshika Sheikh mkono, Mkristo wa watu, akamshika kabisa. "Chupa, Mzee! Nakuomba!"

Sheikh hakuuvuta mkono wake. Akamwacha aushike mpaka alipotulia. Halafu akasema, "Wanangu, nisikilizeni. Mkienda kwa kadhi, kadhi anataka mashahidi. Mama huyu ni mmoja, si wa dini yetu, na ameshabadilisha kauli. Mama zenu hawapo. Hakuna kadhi atakayewatenganisha. Ndoa yenu mahakamani ni nzima."

Nilishusha pumzi. Anwar akainua kichwa.

"Lakini mimi si kadhi. Kadhi huhukumu kinachoonekana. Mimi mmeniuliza mambo yenu na Mola wenu. Huko shahidi ni moyo. Anwar, mama amesema maneno mawili. Unaamini lipi?"

Hapo ndipo nilipojua fatwa ni kitu gani. Neno moja tu lilitakiwa. Aseme "la pili", au aseme "nina shaka", maana shaka peke yake ingetosha kuiacha ndoa isimame. Idrisa aligeuka kutoka ukutani, na msomi wetu yule wa kauli zote akamnong'oneza Anwar bila haya mbele ya Sheikh: "Shaka. Sema una shaka." Sheikh alimsikia, hakumkemea. Na mimi? Mimi nilikuwa nikimsihi moyoni, danganya, kijana, danganya, Mungu ni mwenye kusamehe. Mimi, mwanafunzi wa dini!

Anwar alipozungumza, bado yuko magotini, alikuwa anamtazama Mama Nafula, hakumtazama Sheikh.

"Huyu mama hajanidanganya tangu nizaliwe," akasema. "Leo ndiyo mara ya kwanza. Na amenidanganya kwa sababu ananipenda. Sheikh, mimi naliamini lile neno la kwanza."

Mama Nafula akapiga ukelele, akaziba mdomo kwa kile kitambaa chake cheupe.

Sheikh akamgeukia Safia. "Na wewe, mwanangu?"

Safia hakujibu kwa mdomo. Tangu aingie hakuwa ametoa chozi. Alimpakata mtoto vizuri, kisha kwa mkono mmoja akavuta mtandio wake akajifunika uso upande aliokaa Anwar, vile mwanamke anavyojifunika kwa mwanamume wa kando asiye ndugu yake. Likawa ndilo jibu lake.

"Mtoto ni wenu, halali," Sheikh akasema. "Hamkujua, na asiyejua hana lawama. Ana jina la baba yake na urithi wa baba yake. Asije mtu akawaambia vingine." Alikuwa akifuta macho kwa kiganja, waziwazi, mzee mzima. "Na wewe Safia, funua uso."

Safia akatikisa kichwa chini ya mtandio.

"Funua, mwanangu. Huyu si mtu wa kando. Ukisafiri anaweza kukusindikiza. Ukiugua anaweza kukuuguza. Huna haja ya kujifunika mbele yake mpaka siku ya kufa kwako. Ni kaka yako."

Neno haramu alikuwa amelistahimili. Aliondoka kwake na mtoto mgongoni akalistahimili, akarudi akalisikia tena. Lakini aliposikia "kaka", Safia alilia kilio mpaka watu wakatoka madukani kuuliza nani amefariki. Mimi nilimpokea mtoto kwa sababu mikono ilikuwa inamlegea. Anwar akainuka kumshika, akakumbuka, akasimama katikati ya chumba, hajui amshike kama nani. Safia akampita. Akaenda kwa Mama Nafula, akaangukia kifuani pake, na yule mama akamfungulia mikono akampokea.